Gereza la Kilwa na Monstransi ya Dhahabu



Wengi wenu mmetuuliza habari za safari yetu ya Kilwa, nasi tuliahidi kuzieleza katika tafakari ya juma hili. Tulisafiri mwezi wa Julai, pamba ikiwa imekwisha kuvunwa, pamoja na vijana wa VIWAWA, akina mama kadhaa wa WAWATA na wazee wawili wa UWAKA. Kutoka hapa Songwa hadi Kilwa Masoko ni zaidi ya kilomita 1,200. Tulipita Dodoma na Morogoro, tukalala Dar es Salaam, kisha tukashika njia ya kusini na kuvuka mto Rufiji katika Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003. Wazee wetu walishangaa kuuona mto mpana namna ile, nao wakasema kwamba Mungu angetugawia sisi wa Shinyanga hata robo yake tu, tungelima mpunga mwaka mzima.

Kilwa Masoko tulipiga mahema ufukweni kwa siku tatu. Tulipika kwa zamu, tukasali masifu ya asubuhi tukiitazama bahari, na vijana wetu, ambao maji makubwa waliyoyajua ni ya bwawa, walijifunza kwamba bahari hupwa na kujaa kila siku bila kuchoka. Ng'ambo ya mkondo, mwendo mfupi tu kwa mashua, kilionekana kisiwa cha Kilwa Kisiwani, na katika ukingo wake jengo la mawe lenye kuta nene na minara miwili. Wenyeji huliita Gereza. Hilo ndilo tulilolifuata, na hilo ndilo tunalotaka kulitafakari pamoja nanyi leo.

Kwanza yatupasa kueleza Kilwa ilikuwa nini. Watu wamekaa katika kisiwa kile kwa zaidi ya miaka elfu moja. Mapokeo ya Kilwa yenyewe husimulia kwamba mwana wa mfalme kutoka Shirazi, Ali bin al-Hasan, alikinunua kisiwa kwa vitambaa vya kukizungushia kisiwa chote. Iwe hivyo au vinginevyo, magofu hayadanganyi. Upo Msikiti Mkuu, ambao ujenzi wake ulianza karne ya 11 na kupanuliwa karne ya 14, ukiwa na nguzo na kuba ambazo hata leo humfanya mgeni ashushe sauti bila kuambiwa. Iko Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogelea la pembe nane linalotazama bahari. Mwaka 1331 msafiri mashuhuri Ibn Battuta alifika kisiwani, akausifu mji kwa uzuri wake na sultani huyo kwa ukarimu wake kwa maskini.

Utajiri ule ulitoka wapi? Hapa ndipo sisi wa Shinyanga na Geita tunapaswa kutega masikio, kwa maana ulitoka kwenye dhahabu. Dhahabu ilichimbwa bara, katika nyanda za juu za nchi iitwayo leo Zimbabwe, ikachukuliwa vichwani hadi bandari ya Sofala katika Msumbiji ya leo, na kutoka hapo ikapanda kaskazini kwa majahazi. Kilwa iliishika njia hiyo na kutoza ushuru wake. Sarafu ya shaba ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman imepatikana katika magofu ya Zimbabwe Kuu, mbali kabisa na bahari. Kwa hiyo mji ule uliopambwa kwa vyombo vya China na Uajemi ulisimama juu ya migongo ya wachimbaji ambao hawakuuona kamwe. Wala tusiufanye kuwa mji wa malaika. Ibn Battuta huyo huyo aeleza kwamba sultani alifanya vita dhidi ya watu wa bara na kutwaa nyara, na watumwa walikuwa miongoni mwa zawadi zilizotolewa katika nyumba yake.

Kisha wakaja Wakristo. Twasema Wakristo, ingawa vitabu vya historia husema Wareno, kwa sababu wao wenyewe walijitambulisha kwa msalaba uliochorwa kwenye matanga yao. Julai 1502 Vasco da Gama alitia nanga mbele ya Kilwa na kumlazimisha mtawala wake, Amiri Ibrahim, kulipa kodi ya dhahabu kwa mfalme wa Ureno, la sivyo mji ungebomolewa kwa mizinga. Amiri akalipa. Miaka mitatu baadaye, tarehe 24 Julai 1505, mkesha wa sikukuu ya Mtakatifu Yakobo Mtume, Francisco de Almeida aliuvamia mji kwa askari wake. Ibrahim alikimbia, na mji ukatekwa karibu bila mapigano.

Ndugu zangu, kinachofuata tumekisoma mara nyingi, lakini safari hii tulikisimulia tukiwa tumesimama mahali pale pale. Katika maelezo ya msafara ule, yanayohusishwa na Mjerumani mmoja aliyekuwamo merikebuni, Hans Mayr, imeandikwa kwamba mara mji ulipotekwa, mapadre Wafransisko walishuka pwani wakibeba misalaba miwili kwa maandamano, huku wakiimba Te Deum. Walikwenda hadi kwenye jumba la mtawala, msalaba ukasimamishwa, na jemadari akasali. Baada ya sala, askari walianza kuupora mji: bidhaa zote na vyakula vyote.

Kisha wakajenga ngome, wakaiita Santiago, yaani Mtakatifu Yakobo, kwa heshima ya mtume ambaye sikukuu yake ilifuata siku ya ushindi wao. Hawakukaa sana. Biashara ya dhahabu waliyotaka kuimiliki kwa nguvu iliwaponyoka, wafanyabiashara wakatafuta njia nyingine, na mwaka 1512 Wareno waliiacha ngome na kuondoka. Jengo tunaloliona leo kwa sehemu kubwa ni la Waarabu wa Omani, walilolijenga upya karibu miaka 300 baadaye juu ya mabaki ya lile la Wareno. Kati ya nyakati hizo mbili, mwaka 1776, Mfaransa aitwaye Morice alifunga mkataba na sultani wa Kilwa wa kununua watumwa 1,000 kila mwaka. Huyo naye alitoka katika nchi ya Wakristo.

Tukiwa ndani ya kuta zile, katika kivuli cha lango kubwa la mbao, mzee mwenyeji wa kisiwa aliyetuongoza alitugeukia kwa upole.

"Niwie radhi, Padre," alisema. "Kwenu huko Usukumani, nyumba ya kufungia wahalifu mnaiitaje?"

"Twaiita gereza, mzee wangu, kama ninyi."

"Basi neno hilo ni lenu. Limetoka kwenu kanisani."

Vijana walicheka wakidhani ni utani wa Waislamu na Wakristo, lakini mzee hakuwa akitania. Wataalamu wengi wa Kiswahili hufundisha kwamba neno *gereza* limetokana na neno la Kireno *igreja*, na maana ya *igreja* ni kanisa. Ndani ya ngome za Wareno palikuwa na kanisa. Watu wa pwani walisikia wageni wakilitaja, wakadhani, au pengine wakaona, kwamba ndilo jina la jengo lote lenye kuta nene, mizinga na walinzi. Hivyo neno likawa jina la ngome. Baadaye ngome zikatumiwa kufungia watu, na neno likawa jina la mahali pa kufungia watu. Ngome Yesu ya Mombasa, iliyojengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596, ilikuwa na kanisa ndani yake. Tangu mwaka 1895 hadi 1958 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliitumia kuwa jela.

Tulitafuta jibu la kumpa mzee yule, hatukulipata. Kiswahili kimepokea maneno mengi kutoka kwa Wareno: meza, mvinyo, bendera, na hata neno *padri* mnalotuitia sisi. Hayo yote yalibaki na maana yake. Neno lililopotea njiani ni lile lililo kuu kuliko yote, lile ambalo katika Kigiriki lilikuwa *ekklesia*, kusanyiko la walioitwa na Mungu. Katika pwani yetu lilifika limezungukwa na mizinga, na watu waliolisikia kwa mara ya kwanza wakalielewa kama walivyoliona. Hatuwezi kuwalaumu kwamba hawakuelewa. Walitazama matendo, wakatoa jina linaloyafaa.

Zipo habari nyingine ambazo tuliwaeleza wenzetu jioni ile tukiwa tumeuzunguka moto mbele ya mahema, nazo ndizo zilizotufanya tuandike kwa urefu huu. Dhahabu aliyoichukua Vasco da Gama Kilwa, mithkali 1,500, na mithkali moja ni zaidi kidogo ya gramu nne, ilifika Lisbon mwaka 1503. Mfalme Manuel wa Kwanza hakuitumia kwa karamu. Alimpa sonara aitwaye Gil Vicente, naye akaifanya kuwa monstransi, yaani chombo cha kuwekea Ekaristi Takatifu wakati wa kuabudu. Ilikamilika mwaka 1506. Mfalme aliitoa kwa monasteri ya Belém, na leo imehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale mjini Lisbon. Wanaoijua husema ni kazi ya ajabu: mitume kumi na wawili wamepiga magoti kukizunguka kioo cha Ekaristi, na juu yao ananing'inia njiwa, alama ya Roho Mtakatifu. Katika kitako chake yamechongwa maandishi yanayotaja bila aibu kwamba chombo hicho kimetengenezwa kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa.

Tafakarini jambo hilo. Mwili wa Bwana wetu, aliyezaliwa maskini na kufa uchi msalabani, uliwekwa ndani ya dhahabu iliyotolewa na watu walioelekezewa mizinga. Na waliopiga magoti mbele yake, twaamini, wengi walisali kwa moyo safi.

Usiku wa pili, baadhi yetu tulikwenda na wavuvi. Walituchukua katika mashua yao, wakatufundisha kushusha mshipi wenye chambo cha ngisi, na kungoja. Wakatusimulia juu ya madema wanayotega kwenye matumbawe, juu ya akina mama wanaotafuta pweza maji yanapokupwa, na juu ya miaka ambayo uvuvi wa baruti uliitesa pwani ya Tanzania. Mlipuko mmoja uliua samaki wakubwa na wadogo pamoja na kuyavunja matumbawe yaliyokuwa nyumba yao. Mvuvi mmoja alituambia, "Padre, hiyo baruti huko kwenu hupasua miamba. Huku kwetu ilipasua chakula cha watoto." Tulipata changu wanne na kolekole mmoja, na wazee wetu wa UWAKA, ambao maisha yao yote wamekula sato na kambare, walikiri kwamba bahari nayo ina neema yake.

Katika mashua hiyo kijana mmoja wetu, ambaye msimu wa kilimo ukiisha huenda kuchimba katika maduara ya dhahabu upande wa Kahama na Geita, alisogea karibu nasi.

"Padre, naomba niseme neno, lakini usikasirike."

"Sema, mwanangu."

"Hiyo monstransi ya Ureno uliyotusimulia. Nasi si tunachangia monstransi mpya?"

Ni kweli. Nyote mnakumbuka kwamba kabla ya safari tulitangaza mimbarini mchango wa kununua monstransi mpya iliyopakwa dhahabu, kuelekea Sherehe ya Ekaristi Takatifu ya mwaka ujao. Michango mikubwa ilikuja haraka kutoka kwa waamini waliojaliwa katika machimbo. Tulifurahi, tuliwashukuru kwa majina, na kanisa zima likapiga vigelegele.

Kijana aliendelea kwa sauti ya chini. "Padre, sisi wanaapolo tunaingia chini. Tukipandisha viroba vya mawe, kuna sehemu ya mwenye duara na sehemu yetu. Wapo walionitolea sehemu yangu yote. Na wapo walioniambia ningoje mpaka mawe yapite karasha, kisha mpaka mnunuzi alipe, kisha mpaka mwezi ujao. Mwaka umepita. Nikisikia majina yao yanasomwa kanisani, nami napiga makofi, lakini moyo wangu haupigi."

Hatukuuliza majina, naye hakuyataja. Wala hatuandiki haya kumhukumu mtu yeyote. Wapo miongoni mwa wenye maduara watu waadilifu wanaowalipa wachimbaji wao kabla ya kujilipa wenyewe, nasi twawafahamu. Tunaandika kukiri kosa letu. Sisi tuliosimama Kilwa na kuwashangaa mapadre wa mwaka 1505, walioimba Te Deum bila kuuliza kitakachofuata baada ya wimbo, tulikuwa tumesimama mimbarini Songwa tukipokea dhahabu bila kuuliza ilikotoka.

Mtu atasema kwamba tuwe na kiasi, kwa kuwa watu wa zamani zile hawakujua. Walikuwa watu wa wakati wao, na wakati wao ulikuwa mkali. Hoja hiyo ina nguvu, lakini haitoshi, kwa maana wakati ule ule alikuwapo padre aliyejua. Mwaka 1502, mwaka ule ule ambao Vasco da Gama alitia nanga Kilwa, kijana Mhispania aitwaye Bartolomé de las Casas alifika katika visiwa vya Karibi kutafuta maisha. Akawa padre, na kama walowezi wenzake akagawiwa wenyeji wa kumfanyia kazi. Mwaka 1514, huko Cuba, alipokuwa akitayarisha mahubiri ya Pentekoste, alisoma sura ya 34 ya kitabu cha Yoshua bin Sira. Mwenye hekima afundisha pale kwamba sadaka itokayo katika mali ya dhuluma ni chukizo, na kwamba amtoleaye Mungu mali ya maskini afanana na mtu anayemchinja mwana mbele ya baba yake. Na anayemnyima kibarua ujira wake, huyo amemwaga damu. Las Casas hakuweza kuendelea. Aliwaachia watu aliogawiwa, akapanda mimbarini kuwaambia wenzake kwamba wako katika dhambi, na kwa zaidi ya miaka 50 iliyobaki ya maisha yake akawatetea wenyeji wa Amerika. Hata yeye alikosa: kwa kitambo alishauri kwamba Waafrika wapelekwe watumwa mahali pao, kosa alilolijutia sana baadaye. Lakini Maandiko aliyoyasoma yalikuwa katika Biblia ya mapadre walioshuka Kilwa, na yamo katika Biblia yetu pia.

Kanisa nalo limejifunza kukiri. Februari 1992 Papa Yohane Paulo wa Pili alisimama katika kisiwa cha Gorée, Senegal, mahali walipopakiwa watumwa, akaomba msamaha kwa dhambi ile iliyotendwa na watu waliobatizwa. Tarehe 12 Machi 2000, katika Mwaka wa Jubilei Kuu, aliongoza mjini Roma ibada ya kuomba msamaha kwa makosa ya wana wa Kanisa katika karne zilizopita. Wapo walionung'unika kwamba amelivua Kanisa nguo. Sisi twadhani alilivua mizinga iliyokuwa imelizunguka, ili watu waweze tena kuuona mlango wake.

Na tusisahau kwamba Kanisa lililoletwa kwetu bara halikuja kwa ngome. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo mwaka 1868, waliwakomboa watumwa na kuishi nao. Wamisionari wa Afrika walipofika Bukumbi, kusini mwa Ziwa, mwaka 1883, walikaa chini ya ulinzi wa watemi, wakaugua malaria na wakazikwa katika ardhi yetu. Nao walikuwa na kasoro zao, lakini Wasukuma hawakulipa kanisa lao jina la jela. Tumerithi jina jema kwa jasho la wengine, na jina jema ndilo tunaloweza kulipoteza kwa monstransi moja.

Dhahabu nayo ina mwisho. Kilwa ilikuwa na yote, na leo mbuzi hulala katika kivuli cha jumba la sultani. Kwetu pia tumeanza kuuona mwisho huo: mgodi wa Buzwagi pale Kahama ulianza uzalishaji mwaka 2009, na mwaka 2021 uzalishaji ukafikia kikomo. Wakristo waliosali pale walibaki, pamoja na deni na haki walizodaiana. Siku moja hata mashimo ya Geita yatanyamaza, na almasi za jirani zetu wa Mwadui zitakwisha. Wajukuu wetu watakapokuja kututafuta, watakuta nini, na watakiita kwa jina gani?

Asubuhi ya tarehe 25 Julai, sikukuu ya Mtakatifu Yakobo Mtume, tuliadhimisha Misa ufukweni Kilwa Masoko. Meza yetu ilikuwa sanduku la samaki lililofunikwa kwa kitenge cha mama mmoja wa WAWATA. Mbele yetu, ng'ambo ya maji, lilisimama lile jengo lililowahi kubeba jina la mtume huyo. Hatukuimba Te Deum. Tuliimba Bwana utuhurumie, tukakaa kimya kitambo kirefu, na wavuvi waliokuwa wakitengeneza nyavu zao karibu nasi wakaacha kuongea mpaka tulipomaliza. Baada ya Misa mzee aliyetuongoza alikuja kutuaga na kutuletea madafu. Alikataa fedha. Alisema mgeni aliyekuja bila mzinga hulipwa, halipi.

Tulipofika nyumbani tuliiomba Halmashauri ya Walei ikutane, nayo ilikutana Jumapili iliyopita. Majadiliano yalikuwa marefu, na si wote waliokubaliana nasi. Mjumbe mmoja alisema kwa haki kwamba tukianza kuchunguza kila shilingi, kapu la sadaka litarudi tupu. Mwingine alijibu kwamba afadhali kapu tupu kuliko dhamiri tupu. Mwishowe tumekubaliana haya: fedha zilizokwisha kuchangwa kwa monstransi zitakaa benki bila kuguswa hadi mwisho wa Majilio. Katika kipindi hicho, yeyote aliyechangia na anayejua kwamba ana ujira wa mtu mkononi mwake anaombwa aje achukue mchango wake kimyakimya, bila kuulizwa neno, amlipe anayestahili. Hakuna jina litakaloandikwa wala kusomwa. Atakayemlipa mchimbaji wake amekwisha kumtolea Bwana. Zitakazobaki, tutaamua pamoja zitumike namna gani. Hadi hapo tutaendelea kuabudu Ekaristi katika monstransi yetu ya zamani, ile ya shaba iliyochubuka, ambayo wengi wenu mlipokea baraka zake mkiwa watoto.

Tangu tangazo hilo lisomwe, waamini wawili wamekuja ofisini jioni na kuondoka na bahasha. Hatutasema zaidi ya hapo. Na jana kijana wetu yule alipita nyumbani kwa mapadre, hakutaja fedha wala duara. Alikuja kuuliza tu kama mwakani kutakuwa na safari nyingine, kwa kuwa anataka kujifunza kutega dema.

Wapendwa, juma hili tuwaombee wote wanaofanya kazi chini ya ardhi na juu ya maji, tuwaombee pia waliofungwa, wenye hatia na wasio na hatia. Na kila tutakapopita mbele ya gereza lolote, tukumbuke neno hilo lilianzia wapi, tukamwombe Mungu atujalie kulirudisha kwa matendo katika maana yake ya kwanza.

Mungu Mwenyezi awabariki, Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Amina.

Paroko wenu